Ulizia Kinywaji, Usilale na Kiu Ugenini

Huenda hata sasa unalisoma gazeti ukiwa na kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Kama ndivyo, kinywe polepole, kwani leo ningependa tuzungumze kuhusu kikombe hicho hicho na jinsi kilivyomliza binti mmoja katika nchi ya watu.

Binti mwenyewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Alikwenda Ujerumani kukaa na familia moja karibu na mji wa Köln, awasaidie kulea watoto huku akijifunza lugha. Mpango huo huitwa au pair. Kabla ya kuondoka alisoma Kijerumani hapa Nairobi kwa miezi kadhaa, akapita mtihani wa ngazi ya kwanza, ile wanayoiita A1. Mama yake alikopa pesa katika chama chao cha akina mama ili alipie masomo, pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Siku ya safari tulimsindikiza hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, tukamwombea, tukapiga picha, tukarudi mjini kwa matatu tukiwa na furaha tele.

Hazikupita wiki mbili simu ikalia usiku.

"Mama, hawa watu hawanitaki," binti alisema huku akilia. "Tunaketi pamoja, wao wanakunywa, mimi naangalia tu. Nalala na kiu. Kichwa kinaniuma kila siku."

Dada hakupata usingizi. Asubuhi alinijia kazini akitaka tutafute njia ya kumrudisha mtoto nyumbani, deni la chama liwe litakavyokuwa. Nikampigia mpwa wangu simu.

"Kwani hawakukaribishi kinywaji?" nikamwuliza.

"Wananiuliza, mjomba. Lakini nikijibu, hawaleti."

"Wewe unajibu vipi?"

"Nasema asante. Nasema 'danke'. Si ndiyo adabu?"

Hapo nami nikakwama. Nilimwendea rafiki yangu ambaye amefundisha Kijerumani kwa miaka mingi. Nilipomsimulia kisa hicho alicheka kwanza, kisha akasikitika. "Huyo mtoto," akasema, "kila akikaribishwa, anakataa."

"Asante" inayomaanisha "la"

Naam, msomaji wangu, hapo ndipo penye fundo. Mjerumani akikuuliza "Möchtest du etwas trinken?", yaani ungependa kunywa kitu, nawe ukajibu "danke" peke yake, yeye husikia "la, asante". Hakuongezi neno. Anaifunga chupa na mazungumzo yanaendelea. Mtu anayetaka kinywaji husema "Ja, gerne", yaani naam, kwa furaha, au "Ja, bitte". Neno "danke" lina wakati wake: unalitoa glasi ikishafika mkononi.

Isitoshe, kuna jambo la pili lililomponza binti yetu, nalo ni malezi. Sisi hapa mgeni akiingia nyumbani hatumwulizi kama atakunywa chai. Maji yanawekwa jikoni mara tu anapobisha hodi. Na hata akiulizwa, mgeni mwenye adabu husema, "La, msijisumbue, nimekunywa nyumbani." Mwenyeji naye hakubali. Anasisitiza mara ya pili na ya tatu, hadi mgeni anapokea kikombe kana kwamba amelazimishwa. Huo ni mchezo tunaoujua sote, na hakuna anayedanganyika.

Mjerumani hana mchezo huo. Kwake, mtu aliyesema la amesema la, na kumshurutisha ni kumkosea heshima kama mtu mzima anayejua anachotaka. Atakuuliza mara moja, na mara nyingi hiyo ndiyo ya kwanza na ya mwisho. Kwa hivyo mpwa wangu alikuwa akingoja kubembelezwa na watu waliodhani wanamheshimu kwa kutombembeleza. Wao wakimwona mtoto asiyependa kunywa kitu, yeye akiwaona watu wachoyo.

Je, si jambo la kusikitisha kwamba neno moja tu lingeweza kuvunja safari iliyogharimu pesa za akina mama wa chama kizima?

Nimeona vyema tulizungumzie leo kwa sababu mpwa wangu si wa kwanza wala hatakuwa wa mwisho. Mnamo Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa kurahisisha safari za Wakenya wenye ujuzi wanaokwenda kutafuta kazi huko. Wako pia wanafunzi, wauguzi na vijana wa au pair. Pengine mmoja wao yumo nyumbani mwako, anakariri vitenzi sebuleni.

Kiswahili kinakusaidia

Rafiki yangu mwalimu anasema kwamba wanafunzi wake wengi hukosea kwa kutafsiri kutoka Kiingereza, ilhali Kiswahili kingewafikisha upesi zaidi.

Chukua kiu yenyewe. Sisi husema "nina kiu". Mjerumani naye husema "Ich habe Durst", neno kwa neno, nina kiu. Chukua tena swali letu la kawaida, "Kuna nini cha kunywa?" Kijerumani chake ni "Was gibt es zu trinken?" Maneno "es gibt" yanafanya kazi ile ile ya "kuna". Na kama vile sisi tunavyobana "kuna nini" ikawa "kunani", wao hubana "gibt es" ikawa "gibt's". Katika mazungumzo ya kila siku utasikia "Was gibt's zu trinken?" Tamka hivi: vas gipts tsu trinken.

Ukitaka kusema "Mna nini cha kunywa?" utasema "Was habt ihr zu trinken?" ukiwa na marafiki au familia unayoizoea. Kwa mtu mmoja, "una nini", ni "Was hast du zu trinken?" Lakini ukiwa hotelini, au mbele ya mtu mzima usiyemjua, usitumie "du" wala "ihr". Tumia "Sie", ambayo ni namna ya heshima: "Was haben Sie zu trinken?" Sisi tunaonyesha heshima kwa kumwita mtu mzee, mama au baba. Wao huionyesha kwa neno hilo "Sie", na kulisahau mbele ya mgeni huweza kukufanya uonekane huna adabu. Mwenyewe akikwambia mwitane "du", basi mlango umefunguliwa.

Wenyeji hupenda pia kupachika vijineno vidogo katika swali ili lisisikike kavu. Watasema "Was habt ihr denn da?" au "Was haben Sie so zu trinken?" Hivyo "denn" na "so" havina uzito mkubwa. Ni kama mtu anayesema, "Hivi mna nini hapo?" Ukivisikia usibabaike ukidhani umepitwa na jambo.

Onyo moja: "Nipe chai" ni lugha ya kawaida katika hoteli zetu, na mhudumu hachukii. Ukiigeuza moja kwa moja kwa Kijerumani itasikika kama amri. Sema "Ich hätte gern einen Tee", yaani ningependa chai, au kwa ufupi, "Einen Tee, bitte." Vile vile kumbuka kwamba vinywaji vina jinsia zake, kama nomino zetu zilivyo na ngeli. Chai, kahawa, sharubati na divai ni za kiume, na hapo utasema "einen". Maji na bia husema "ein". Maziwa husema "eine".

Na kwa yule anayeiogopa lugha hii, nimkumbushe kwamba neno "shule" tulilitoa kwa Kijerumani, tangu enzi za utawala wao Tanganyika. Wenzetu wa Tanzania wanaposema "hela" nao wanalitaja jina la sarafu iliyotumika enzi hizo. Hata "Bier" ukilisikia likitamkwa na Mjerumani utadhani amesema "bia".

Maji, lakini maji gani?

Haya, umeuliza na umejibiwa. Sasa utaambiwa nini?

Tuanze na maji. Ukiagiza "Wasser" katika hoteli, jiandae kuletewa maji yenye gesi, yanayochemka puani kama soda isiyo na sukari. Wajerumani wengi huyapenda hayo. Mhudumu makini atakuuliza "Mit oder ohne?", yaani yenye gesi au bila. Jibu "Ohne, bitte" kama hutaki gesi, au omba "stilles Wasser". Dukani chupa huandikwa "Sprudel" au "Classic" kwa maji yenye gesi nyingi, "Medium" kwa gesi kidogo, na "Still" kwa yasiyo nayo.

Maji ya hotelini hununuliwa, na huenda yakakaribia bei ya bia. Usitarajie kuletewa jagi la bure. Lakini nyumbani mambo ni tofauti: maji ya mfereji, "Leitungswasser", ni safi na hunywewa moja kwa moja bila kuchemshwa. Mpwa wangu hakuwa na habari. Amelelewa katika nyumba ambayo maji huchemshwa kwanza, basi alikuwa akilala na kiu hatua chache tu kutoka kwa mfereji.

Sasa chai. Ukiomba "Tee" pengine utaulizwa "Was für einen?", ni ya aina gani, kwani kwao jina hilo hubeba pia maji ya moto yenye maua ya kamomile, mnanaa au matunda makavu. Chai yetu ya majani ni "schwarzer Tee", yaani chai nyeusi, nayo italetwa kama maji ya moto na kijifuko. Maziwa utayaomba: "Mit Milch, bitte." Ya kuchemshwa pamoja na maziwa sufuriani utajipikia mwenyewe.

Wapo hata hivyo Wajerumani wanaoijua chai barabara. Ni watu wa Ostfriesland, kaskazini kwenye pwani. Wao hutia kipande cha sukari ya mawe kikombeni, wakamimina chai kali juu yake, kisha tone la krimu. Desturi yao ni vikombe vitatu. Ukiwa umetosheka, tumbukiza kijiko kikombeni, la sivyo wataendelea kukumiminia.

Kinywaji kingine utakachokisikia kila mahali ni "Apfelschorle", maji ya tofaa yaliyochanganywa na maji yenye gesi. Hakina kileo na watoto hukipenda. "Spezi" nayo ni kola iliyochanganywa na soda ya machungwa.

Tahadhari kwa asiyekunywa pombe

Hapa nawaomba wazazi, na hasa ndugu zetu Waislamu, wasome kwa makini.

Ujerumani kijana wa miaka 16 anaruhusiwa na sheria kununua bia na divai, na akifika 18 ananunua hata pombe kali. Kwa hivyo kijana wako ataalikwa mezani na pombe iwepo, bila mtu kuona ajabu. Swali lake liwe tayari mdomoni: "Was haben Sie ohne Alkohol?", yaani mna nini kisicho na kileo.

Ajihadhari na majina. "Radler" lina ladha ya limau lakini nusu yake ni bia. "Weinschorle" si ndugu wa "Apfelschorle". Hiyo ni divai na maji. Msimu wa kupukutika majani huuzwa "Federweißer", ambayo kwa macho ni kama sharubati iliyotibuka, kumbe ni divai changa inayoendelea kuchachuka. Katika masoko ya Krismasi huuzwa "Glühwein", divai ya moto yenye viungo. Asiyekunywa aombe "Kinderpunsch", kinywaji cha moto cha watoto.

Tena, bia iliyoandikwa "alkoholfrei" inaruhusiwa kuwa na kileo hadi asilimia 0.5. Anayetaka isiyo nacho kabisa atafute iliyoandikwa 0,0.

Habari njema ni kwamba sheria iko upande wake. Sheria ya mikahawa ya Ujerumani, kifungu cha 6, inamtaka mwenye kuuza pombe auze pia vinywaji visivyo na kileo. Angalau kimoja kati ya hivyo kisiwe na bei ya juu kuliko pombe iliyo rahisi zaidi hapo, kwa kipimo hicho hicho. Mwanafunzi mwenye pesa kidogo asione haya kusoma orodha ya vinywaji, "die Getränkekarte", kutoka juu hadi chini.

Na anayekunywa bia akifika Köln, ajue kwamba bia ya huko, Kölsch, huletwa katika glasi nyembamba ya robo lita kasoro kidogo, 0.2. Glasi ikiisha, mhudumu huleta nyingine bila kuulizwa, akiweka alama kwenye kile kikadi kinachowekwa chini ya glasi. Ukitosheka funika glasi kwa kikadi hicho. Ukisahau, utashangazwa na hesabu.

Popote pale, usitangulie kunywa kabla watu hawajasema "Prost". Mnapogonganisha glasi, mtazame mwenzako machoni. Kutazama chini, ambako kwetu kwaweza kuwa heshima, wao huona ni utovu wa adabu.

Mambo mawili ya dukani

La kwanza, maduka mengi Ujerumani hufungwa Jumapili. Anayetaka maji au maziwa anunue Jumamosi, la sivyo atayatafuta kwenye steshoni kubwa za treni au vituo vya petroli, kwa bei ghali zaidi.

La pili, chupa ina amana, "Pfand". Tangu mwaka 2003 makopo na chupa nyingi za kutumiwa mara moja hutozwa senti 25 za yuro juu ya bei ya kinywaji. Chupa za kurudishwa kiwandani aghalabu hutozwa senti 8 au 15. Ukirudisha chupa unarudishiwa pesa. Sisi tuliolelewa na kreti za soda twaelewa vizuri jambo hili, kwa hivyo msiwacheke wanafunzi wanaobeba mfuko wa chupa tupu. Chupa 4 ni yuro nzima.

Binti yetu je?

Jioni ile ile mwalimu rafiki yangu alizungumza na mpwa wangu kwa simu. Hakumpa somo refu. Alimfundisha kusema "Ja, gerne", akamfundisha kuuliza "Was gibt's denn zu trinken?", kisha akamwambia asiogope: kwa Mjerumani kuuliza si ulafi, na mwenyeji hufurahi kujua mgeni anataka nini.

Siku mbili baadaye dada alipigiwa simu tena. Safari hii binti alikuwa akicheka. Mama mwenyeji alipomsikia akisema "Ja, gerne" aliduwaa, kisha akamwuliza mbona siku zote alikuwa akikataa. Binti alipoeleza, mama yule alishika kichwa, akamwonyesha kabati na friji, akamwambia "Nimm dir einfach", yaani jichukulie tu. Na kauli hiyo, msomaji wangu, ichukuliwe kama ilivyo. Haihitaji kurudiwa.

Jumamosi iliyofuata mpwa wangu aliwapikia chai ya Kenya, ya maziwa na tangawizi. Watoto waliomba kikombe cha pili. Nasikia hawakungoja kubembelezwa.

Deni la chama bado linalipwa, lakini sasa dada analala.

Kata uweke

Nina kiu: Ich habe Durst. (ish habe durst)
Kuna nini cha kunywa? Was gibt's zu trinken? (vas gipts tsu trinken)
Mna nini cha kunywa? kwa marafiki: Was habt ihr zu trinken? (vas hapt ia tsu trinken)
Mna nini cha kunywa? kwa heshima: Was haben Sie zu trinken? (vas haben zi tsu trinken)
Mna pia maji yasiyo na gesi? Haben Sie auch stilles Wasser? (haben zi aukh shtiles vasa, hiyo "kh" ni ile ya "kheri")
Mna nini kisicho na kileo? Was haben Sie ohne Alkohol? (vas haben zi one alkohol)
Ningependa chai yenye maziwa: Ich hätte gern einen Tee mit Milch. (ish hete gern ainen tee mit milsh)
Naam, tafadhali: Ja, gerne. (ya gerne)
La, asante: Nein, danke. (nain danke)

Mzazi uliye na kijana anayejiandaa kusafiri, mpe karatasi hii. Kisha jioni ya leo, kabla hujamwekea chai mezani, mwulize kwanza kama anataka. Akijibu "danke" peke yake, usimpe!

Kwaheri, tukutane Jumapili ijayo Mungu akipenda.